William Cooper Nell: Aliyenyimwa Medali, Akafungua Milango ya Shule

William Cooper Nell, mwanahistoria na mtetezi wa haki za watu weusi nchini Marekani, alizaliwa mjini Boston mwaka 1816. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mwanaharakati aliyepinga utumwa.

Katika zama hizo, tuzo yenye heshima kubwa katika shule za umma za Boston ilikuwa Medali ya Franklin. Chimbuko lake ni wosia wa Benjamin Franklin, mzaliwa wa mji huo, aliyefariki dunia mwaka 1790 na kuziachia shule hizo pauni 100 ili faida yake itumike kutengeneza medali za madini ya fedha kwa wanafunzi wanaostahili. Medali za kwanza zilitolewa mwaka 1793.

Mwaka 1829 Nell, akisoma katika shule ya watoto weusi, alifaulu mtihani mbele ya viongozi wa mji pamoja na wenzake wawili. Hata hivyo, kwa sababu ya rangi yao hawakupewa medali, bali hati ya kuchukulia kitabu cha maisha ya Franklin. Wanafunzi weupe waliotunukiwa waliandaliwa dhifa katika ukumbi wa Faneuil Hall. Nell hakualikwa, alipata kuingia kwa kumsaidia mmoja wa wahudumu, akawaandalia meza wanafunzi wa rika lake waliokuwa wamevaa medali.

Tangu hapo aliweka nadhiri ya kupigania siku ambayo rangi ya ngozi haitakuwa kizuizi cha elimu. Kuanzia mwaka 1840 alishiriki kuwasilisha maombi ya kutaka shule za ubaguzi zifungwe. Mwaka 1850 Mahakama Kuu ya Massachusetts iliupa ushindi mji wa Boston katika shauri lililohusu suala hilo, lakini Nell na wenzake hawakurudi nyuma. Mwaka 1855 Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Mwaka huohuo alichapisha kitabu kuhusu askari weusi waliopigania uhuru wa Marekani. Mwaka 1861 aliajiriwa kuwa karani wa posta mjini Boston, akiwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kupata ajira ya kiraia katika serikali ya shirikisho. Alifariki dunia mwaka 1874.

Maisha yake yanadhihirisha kuwa tuzo ya shule hulinda hadhi yake pale tu inapotolewa kwa haki kwa kila anayestahili.