Carl Akeley, mtu wa Kabara na mashine ya simenti

Ndugu wachimbaji wa Rubaya, wa Bisie na wa mashimo mengine ya Masisi na Walikale, kule juu mu mlima Mikeno, fasi yenye kuitwa Kabara, kuna kaburi la Mmarekani mmoja. Jina lake ni Carl Akeley. Wenye wanapanda kutazama ngagi wanaelezwa kama mbuga ya Virunga ilizaliwa kwa maombi yake. Lakini ule mtu ndiye pia alivumbua mashine yenye inashika kuta za migodi mpaka leo, na hilo ndilo limetufanya sisi wa sendika tuandike juu ya maisha yake.

Alizaliwa 1864 mu shamba, mkoa wa New York. Masomo yake yalikuwa kidogo sana. Kazi aliyojifunza ni ya kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa ili wasimame kama wazima. Mu 1885, wakati tembo Jumbo aligongwa na treni kule Canada, Akeley alikuwa kati ya wenye kumtengeneza. Kiisha alifanya kazi Milwaukee, Chicago, na mwisho mu jumba kubwa la makumbusho la New York. Afrika alikuja mara tano. Mu 1896, kwa Wasomali, alimuua chui kwa mikono mitupu. Mu 1910 tembo alimponda kwenye mlima Kenya, karibu afe.

Sasa tuje kwa ile mashine. Mu 1907 ukuta wa makumbusho ya Chicago ulikuwa unabanduka, na wakubwa hawakutaka kutumia makuta mingi. Akeley alikuwa na ujuzi wa kurusha plasta kwa upepo juu ya sanamu za wanyama, akatengeneza bomba kubwa zaidi. Simenti na mchanga vinaingia vikavu, kompresa inavisukuma mu mpira, na maji yanakutana navyo kule mwisho, mu mdomo wa bomba. Vinagonga ukuta kwa nguvu, vinashika, vinakauka. Alipata hati ya uvumbuzi mu 1911. Mu 1914 Wamarekani walikuwa wanaijaribu tayari chini ya udongo, mu mgodi wa majaribio wa makaa kule Pennsylvania. Leo migodi mingi mikubwa ya chini ya udongo inajua kazi hiyo: unachimba hatua chache, unarusha simenti, ndipo unaendelea mbele.

Mu 1921 alifika Kivu, akakaa kwa mapadri wa Lulenga, akapanda Mikeno na Karisimbi. Watu wa pale ndio walimwonyesha njia za ngagi. Na alikuja kuua. Yeye na wenzake waliwaua watano, wakapeleka ngozi New York. Tusifiche jambo hilo, hata kama wengi wanapenda kulipita haraka. Lakini aliwapiga pia picha za sinema, na kamera aliyoitengeneza yeye mwenyewe, akaona kama ngagi si mnyama mkali wa hadithi za wazungu. Ni mzazi na watoto wake, anakula majani, anakimbia mtu. Tangu 1902, wakati afisa Mdachi von Beringe aliwapiga ngagi risasi mu Sabinyo, wageni walikuwa wanakuja tu kuwinda. Akeley aliona kama wakiendelea, hawatabaki hata mmoja.

Aliporudi kwao, alianza kuomba serikali ya Ubelgiji ifunge ile milima. Mfalme Albert wa Kwanza alikubali, na tarehe 21 Aprili 1925 ilitoka sheria ya mbuga ya kwanza ya namna hiyo mu Afrika yote. Ikaitwa jina la mfalme, na tangu 1969 inaitwa Virunga. Mu 1929 waliipanua, na leo inafika mpaka mlango wa Masisi, kwenye volkano ya Nyamulagira. Wenye walikuwa wanalima, wanawinda na kutafuta kuni mule walipoteza fasi yao, na matata hayo hayajaisha mpaka leo. Kwa upande mwingine, ngagi wa milima, kuhesabu wa Kongo, Rwanda na Uganda pamoja, wamepita 1000. Sheria ya kumlinda ngagi ilifika Kivu miaka mia moja iliyopita. Bomba la simenti, kazi ya mtu yule yule, halijafika mu mashimo yetu ya mkono. Mvua ikinyesha kule Rubaya, udongo unashuka na watu wako ndani.

Akeley alirudi mu 1926 pamoja na bibi yake Mary Jobe na Mbelgiji Derscheid, juu ya kupima mbuga na kuchora karata. Alipanda akiwa mgonjwa tayari. Alikufa Kabara tarehe 17 Novemba, akiwa na miaka 62. Walimchimbia kaburi mu jiwe la volkano pale pale. Mary alibaki, akaendelea na kazi.

Ngagi wake watano wangali mu makumbusho ya New York, nyuma ya kioo, mu chumba kilichofunguliwa 1936. Ukutani nyuma yao wachoraji walipaka Nyiragongo na Nyamulagira inatoa moshi, namna tunavyoiona sisi kutoka Sake.