George Rushby, mwindaji aliyewakabili simba wala watu wa Njombe

Kwa wakulima waishio kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, mashariki mwa Burundi, ugomvi kati ya binadamu na mnyama si habari ya mbali. Nyati hukanyaga mashamba, nyani hupora mahindi, na viboko hutoka mtoni usiku kutafuta malisho. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1980, ina ukubwa wa hekta zipatazo 50,000, na sehemu yake imo katika eneo la Muyinga. Wasikilizaji wetu wa Muyinga, na wa Gitega ambako mto Ruvubu hupita, wanalijua vyema swali linalozuka kila shamba linapoharibiwa: je, mnyama huyo auawe, na nani mwenye haki ya kumwua?

Swali hilo lilitawala maisha ya George Gilman Rushby, Mwingereza aliyehudumu katika nchi jirani ya Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania Bara.

Rushby alizaliwa Uingereza mwaka 1900, akaja Afrika angali kijana. Kwa miaka mingi aliishi kwa kuwinda tembo na kuuza pembe zao, mara nyingi bila kibali, akivuka mipaka ya makoloni hadi Kongo. Baadaye alilima kahawa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Idara ya Wanyamapori ya nchi hiyo ilimwajiri, na aliyekuwa jangili akageuka kuwa msimamizi wa sheria. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwapunguza tembo walioharibu mazao ya wanavijiji, pamoja na kuwakamata waliowinda kama alivyowinda yeye zamani.

Mtihani wake mkubwa ulimkuta Njombe. Tangu miaka ya 1930 simba wa huko walikuwa wakiua watu, kizazi baada ya kizazi. Walishambulia hata mchana, wakiwakuta wanawake kisimani na watoto wakichunga mifugo. Rushby mwenyewe alikadiria kuwa waliouawa katika muda wa miaka kama 15 walifikia 1,500. Iwe hesabu hiyo ni kamili au la, hakuna shaka kwamba vijiji vingi viliishi katika msiba usiokwisha.

Hofu ilizidishwa na imani. Wenyeji wengi waliamini kuwa simba wale walitumwa na jumbe mmoja aliyeondolewa madarakani, ambaye pia alikuwa mganga. Kwa sababu hiyo watu waliogopa hata kuwataja simba, na mwindaji aliyehitaji habari za nyayo na njia zao alikutana na ukimya. Rushby na askari wake wa wanyamapori waliendelea kufuatilia, wakaweka mitego, wakavizia kwa subira. Kufikia mwaka 1947 simba wapatao 15 walikuwa wameuawa, na mashambulizi yakakoma. Wapo wenyeji waliosema kuwa yalikoma kwa sababu jumbe yule alirudishiwa cheo chake.

Lakini simba wale walianzaje kula watu? Sababu inayotajwa sana inaigusa serikali yenyewe. Ili kuzuia sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe, watawala waliamuru wanyama wa porini wauawe kwa wingi katika ukanda huo. Windo la simba likapungua, na binadamu akawa ndiye aliye karibu. Kwa hiyo bunduki ilitumika mara mbili katika nchi ile ile. Mara ya kwanza iliua bila kuchagua na kuzidisha balaa. Mara ya pili ilishikwa na watu waliojulikana, wakiwasaka wanyama waliojulikana, na ilipomaliza kazi yake ikanyamaza.

Rushby hakuishia kwenye bunduki. Mwaka 1949 alipendekeza sehemu ya kusini ya Pori la Akiba la Rungwa ifanywe hifadhi ya taifa. Pendekezo hilo lilitimia mwaka 1964, na ndiyo leo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Alifariki dunia Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1960.

Mtu huyo alikuwa mtumishi wa utawala wa kikoloni, na pembe alizouza katika ujana wake haziwezi kusahauliwa. Hata hivyo kazi yake ya Njombe inabaki na somo kwa jirani wa Ruvubu. Mkulima aliyepoteza shamba anastahili ulinzi wa haraka, na pengine mnyama sugu hana budi kuuawa. Hukumu hiyo ikitolewa na mamlaka inayowajibika, baada ya chanzo cha uvamizi kuchunguzwa, huokoa maisha. Ikiachwa mikononi mwa kila mwenye mkuki au mtego, nyati mmoja hufa leo, na kesho pori likabaki tupu ilhali shamba bado halina mlinzi.