Grissom na Mlango Usiofunguka

Virgil Grissom, ambaye wenzake walimzoea kwa jina la Gus, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1926 katika mji mdogo wa Mitchell, jimbo la Indiana, Marekani. Alisomea uhandisi, akarusha ndege ya kivita mara 100 katika vita vya Korea, na mwaka 1959 akawa miongoni mwa watu 7 wa kwanza walioteuliwa na nchi yake kwenda anga za juu.

Sisi watu wa visiwani tutamwelewa zaidi kwa yaliyompata baharini. Tarehe 21 Julai 1961, baada ya safari ya robo saa, chombo chake kilitua salama Atlantiki, kisha mlango ukafyatuka kabla ya wakati. Chombo kilizama, yeye akaogelea, vazi lake likiingia maji, hadi helikopta ilipomwopoa. Minong'ono ya kwamba aliufungua kwa hofu ilimwandama, ingawa uchunguzi ulimwondolea lawama.

Alipokabidhiwa uongozi wa Apollo ya kwanza, hakuridhika nayo. Aliutundikia limau mtambo wa mazoezi, kwani kwa Wamarekani limau ni jina la gari bovu.

Jioni ya tarehe 27 Januari 1967, huko Cape Kennedy, alifungiwa ndani ya chombo pamoja na Edward White na Roger Chaffee kwa ajili ya majaribio. Roketi haikuwa na mafuta, basi wakuu hawakulihesabu zoezi hilo kuwa la hatari. Hapa tunamwomba msomaji atue kidogo. Kwa kuwa karatasi ilisema hakuna hatari, hapakuwekwa tayari kikosi cha zimamoto, wala cha uokoaji, wala cha madaktari. Ilhali humo ndani mlijaa oksijeni tupu, yenye kanieneo kupita hewa ya nje, pamoja na nailoni na vitu vingine vinavyoshika moto upesi. Mlango ulifungukia ndani, na hata pasipo taharuki ulihitaji dakika moja na nusu. Moto ulipozuka, hewa iliyotanuka iliugandamiza usifunguke. Mafundi walipoufungua, yapata dakika 5 zilikuwa zimepita, na wote 3 wamekwisha kufa kwa hewa ya sumu.

Tume ya uchunguzi iliundwa na NASA yenyewe, jambo tusiloweza kulisifu, lakini haikuficha uzembe uliokuwapo. Baadaye Seneti ikagundua kwamba tangu mwaka 1965 Jenerali Samuel Phillips alikwisha kuandika juu ya kazi mbovu ya kampuni iliyounda chombo, na mkuu wa NASA, James Webb, akabanwa kwa maswali makali. Meneja wa mradi, Joseph Shea, alihamishiwa Washington, akajiuzulu mwaka huohuo.

Mlango mpya ulifungukia nje kwa sekunde chache, na hewa ya kiwanjani ikachanganywa na naitrojeni. Oktoba 1968 watu 3 walikwenda na Apollo na kurudi salama. Grissom alikwisha kuzikwa Arlington, akiwa na umri wa miaka 40. Chombo chake kilichozama kiliopolewa kilindini mwaka 1999.