Dakta James Lind na maji ya malimau

Siku hizi nyumba nyingi za Maskati na Dubai zina blenda, na vijana wetu wanatuhubiria juisi ya karoti, tango na kotimiri kama vile imevumbuliwa jana. Basi leo nawaletea maisha ya mtu aliyelishughulikia jambo hili zamani sana. Katika miaka yangu ya kufundisha sekondari ya misheni, wanafunzi waliwajua manahodha wa Kizungu kwa majina, lakini daktari huyu hawakumjua.

James Lind alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1716. Alijifunza utabibu kwa kumtumikia daktari mpasuaji wa mji huo, na mwaka 1739 akaingia jeshi la majini la Uingereza.

Huko baharini adui mkubwa alikuwa kiseyeye. Fizi zinavimba na kutoka damu, meno yanalegea, vidonda vya zamani vinafunguka upya, mtu anaishiwa nguvu mpaka anakufa. Mabaharia walikula biskuti kavu na nyama ya chumvi miezi na miezi, jani bichi hawalioni. Katika msafara wa Anson, 1740 hadi 1744, waliondoka watu wapatao 1,900 na wakafa zaidi ya 1,300, wengi wao kwa maradhi hayo.

Mwezi wa Mei 1747, Lind akiwa daktari wa manowari Salisbury, aliwachukua wagonjwa 12 wenye hali zinazofanana. Akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Kila jozi ikapata dawa yake: saida ya matofaa, matone ya asidi, siki, maji ya bahari, mchanganyiko wa kitunguu thomu na haradali, na jozi moja machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita tu. Lakini jamani, mmoja wa wale wawili alikuwa karibu kurudi kazini, na mwenziwe akawekwa kuwauguza wengine!

Mwaka 1753 Lind alitoa kitabu chake juu ya kiseyeye. Hapo ndipo ninapomsikitikia. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake, lakini aliendelea kuamini kwamba maradhi yana sababu nyingi, unyevu wa baharini ukiwamo. Tena, ili maji ya matunda yakae safarini bila kuharibika, alishauri yapashwe moto taratibu mpaka yawe mazito. Moto ule ule uliua sehemu kubwa ya dawa. Walioyajaribu hawakuona faida kubwa, na wakubwa wakapuuza.

Mwaka 1758 alipewa hospitali kubwa ya Haslar, karibu na Portsmouth, akatibu mabaharia humo mpaka 1783. Alifariki 1794. Mwaka mmoja tu baadaye, kwa juhudi za Dakta Gilbert Blane, jeshi la majini likaamuru mabaharia wapewe maji ya malimau. Miaka 48 ilikuwa imepita tangu Salisbury. Hebu fikirini maiti waliotupwa baharini katikati hapo! Vitamini C yenyewe ilikuja kujulikana katika miaka ya 1930.

Na sisi watu wa pwani tumo. Januari 1499, Vasco da Gama alifika Malindi akitoka India, watu wake wamekufa njiani kwa kiseyeye, na walionusurika walikuwa wakitamani machungwa. Wazee wetu walikuwa nayo mashambani, miaka karibu 250 kabla ya Lind.

Basi tujifunze. Juisi ya mboga ikamuliwe nyumbani na inywewe hapo hapo. Isichemshwe, isijazwe sukari. Ndimu, pilipili boga mbichi na kotimiri zote zina vitamini hiyo. Wenye kisukari wazidishe mboga, wapunguze matunda na karoti, na wamuulize daktari wao. Wala juisi isichukue nafasi ya saladi mezani, maana ukiichuja nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio.

Lind alikuwa na dawa, ila ilikawia kufika mdomoni mwa mgonjwa. Kwetu sokoni zimejaa, tena kwa bei nafuu. Hatuna udhuru.