Bibi Salme na Kalamu ya Utotoni

Bibi Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti, 1844, katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said, mtawala wa Unguja na Oman. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Siku zile mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Elimu hiyo ilimponza kwanza. Mwaka 1859, mwaka ambao kipindupindu kilimwua mama yake, alimwandikia barua kaka yake Barghash aliyemwasi Sultani Majid. Maasi yakashindwa, na Salme akatengwa na wengi wa jamaa zake.

Mwaka 1866 alichukua mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akatorokea Aden kwa meli ya Kiingereza. Huko, mwaka 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, kisha akahamia Hamburg pamoja na mumewe.

Mwezi Agosti, 1870, mumewe aliangukia chini ya gari la reli lililokokotwa na farasi, akafariki. Salme alibaki ugenini na watoto watatu, mkubwa wao akiwa na miaka miwili tu. Mali ya marehemu iliwekwa mikononi mwa wasimamizi, nayo ikapungua.

Hapo ndipo kalamu ilipomfaa. Mjane huyo alihama mji hata mji, akafundisha Kiarabu, akawalea wanawe. Mwaka 1885 Serikali ya Ujerumani ilimpeleka Unguja pamoja na manowari zake, kwa kisingizio cha kumdaia urithi. Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alikataa kumwona. Nao Wajerumani, walipokwisha kupata walichokitaka, walimsahau. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani, miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya maisha ya mwanamke Mwarabu vilivyoandikwa naye mwenyewe.

Aliishi Beirut miaka mingi, akafariki mjini Jena tarehe 29 Februari, 1924. Alizikwa Hamburg kando ya mumewe, pamoja na kifuko cha mchanga wa Unguja. Ajali ilimnyang'anya mume, na wakubwa wakamtumia wakamwacha. Maandishi aliyojifunza kwa siri ndiyo yaliyohifadhi habari zake hata leo.