Mwalimu Nyerere na Tabora: safari ya kuufuta ubaguzi wa rangi shuleni

Ukisikia mtu anasema "Mwalimu" bila kutaja jina, hapa nchini unajua anamsema Julius Kambarage Nyerere. Wengi tunamkumbuka kama Rais wa kwanza. Leo tunamwangalia kwa kazi iliyompa jina hilo, na kwa jambo alilolishikilia tangu ujana wake: mtoto asipangiwe shule, wala mtu asipangiwe mshahara au kura, kwa rangi ya ngozi yake. Katika habari hiyo mji wetu wa Tabora unatokea mara tatu.

Mara ya kwanza: mwanafunzi

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Mwaka 1937 akaja Tabora, kwenye Shule ya Serikali ambayo leo tunaiita Tabora Boys.

Mji aliouona ulikuwa mkongwe. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita hapa Unyanyembe ikitoka Ujiji kwenda Bagamoyo, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo hiyo mabegani. Watu wa kila asili walibaki hapa: Wamanyema, Waarabu, Wahindi, watu wa pwani. Waliishi mji mmoja, lakini hawakuwa sawa. Wakoloni nao wakaja na mpango wao: uzunguni, uhindini na uswahilini.

Shule ziligawanywa vivyo hivyo. Kulikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila kundi na mafungu yake na masomo yake. Waafrika ndio waliokuwa wengi kupita wote, lakini watoto wao wengi hawakuwa na shule kabisa, na wengi wa walioipata waliishia darasa la nne. Kijana aliyefika Tabora alikuwa mmoja wa wachache mno waliobahatika.

Mara ya pili: mwalimu

Kutoka Tabora alikwenda Makerere, Uganda, akasomea ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Mwaka 1946 akarudi Tabora kufundisha St. Mary's, shule ya mapadri wa White Fathers. Alifundisha biolojia pamoja na masomo mengine. Kazi yake haikuishia darasani. Aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini, na akawa katibu wa tawi la Tabora la TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika. Kwa muda mfupi serikali ilimpa kazi ya kukagua bei madukani. Aliiacha alipoona taarifa zake za bei za ulaghai hazifanyiwi kazi.

Ili uelewe kilichokuwa kinawauma wasomi wa wakati ule, angalia mishahara. Mwaka 1948 tume ya mishahara ya Afrika Mashariki ilipendekeza kwamba Mwafrika mwenye kazi na sifa sawa na za Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu huyo. Maana yake, Mzungu akipata shilingi 10, Mwafrika anapata 6. Cheti ni kile kile na kazi ni ile ile. Kinachokatwa kinakatwa kwa sababu ya rangi.

Mwaka 1949 Nyerere alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Kabla ya kumaliza mwaka 1952 aliandika makala kuhusu tatizo la rangi katika Afrika Mashariki. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, akachaguliwa rais wa TAA mwaka 1953, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikawa TANU. Mwaka 1955 ilibidi achague kati ya ualimu na siasa. Akaacha ualimu.

Mara ya tatu: mkutano wa 1958

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano mkuu wake Tabora, na hoja iliyokuwa mezani ilikuwa nzito. Serikali ya kikoloni ilitangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa masharti ya elimu, kipato au cheo. Zaidi ya hapo, kila mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mhindi na moja kwa Mzungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu kama elfu 20 tu, lakini viti viligawanywa sawa kwa rangi hizo tatu.

Wajumbe wengi walikuja na hasira, na walikuwa na haki ya kukasirika. Walitaka TANU isusie. Nyerere naye aliuchukia mpango huo, lakini aliona kwamba wakisusa, viti vya Waafrika vitachukuliwa na wapinzani wao. Akashauri waingie, na wawaunge mkono Wahindi na Wazungu wanaokubali usawa, kwa kuwa wote hao watahitaji kura za Waafrika ili washinde. Mjadala ulikuwa mkali, na mwisho hoja yake ikapita. Uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaanzisha chama chake kilichotaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao.

Uchaguzi ulipofanyika mwaka 1958 na 1959, TANU na wale iliowaunga mkono walishinda. Utaratibu uliowekwa ili kuwatenganisha watu kwa rangi ndio uliowapa ushindi watu waliotaka kuuondoa.

Shule zikawa moja

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alipinga kwa nguvu na kusema yuko tayari kujiuzulu kwa ajili ya jambo hilo. Kwake, ubaguzi ukifanywa na Mwafrika haugeuki kuwa haki.

Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Tarehe 1 Januari 1962, hata mwezi haujaisha, mfumo wa shule kwa rangi ukafutwa kisheria. Shule zilizokuwa za Wazungu na za Wahindi zikafunguliwa kwa watoto wote, chini ya mfumo mmoja wa elimu.

Tuseme kweli, hata hivyo, kwamba sheria haijengi darasa. Shule nzuri zilikuwa mijini, na mtoto wa Urambo au Sikonge hakuweza kuzifikia kwa sababu tu mlango umefunguliwa. Nyerere alilijua hilo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alikubali kwamba kuondoa ubaguzi ilikuwa hatua ya mwanzo tu, na kwamba elimu ile bado ilikuwa ya wachache. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaagiza elimu ya msingi kwa watoto wote, na ikaanza rasmi mwaka 1977. Shule zilifika vijijini, lakini madarasa yalijaa, walimu waliandaliwa haraka, na kiwango cha elimu kikashuka. Lawama hizo ni za haki.

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Leo hakuna mtoto wa Tabora anayekataliwa shule kwa rangi yake. Tofauti iliyobaki ni ya pesa na ya umbali: kuna anayesoma darasa la watoto 30, na kuna anayetembea kilomita kadhaa kwenda darasa la watoto 100. Mwalimu aliacha kazi hiyo haijaisha, na sasa iko mikononi mwa wazazi, kamati za shule na serikali.