Edward Steere: Mzungu Aliyejifunza Maneno Yetu Sentensi kwa Sentensi

Wanachuo wenzangu, hasa ninyi wa Ualimu mnaosubiri TP, naomba nianze na kosa langu mwenyewe, ndipo nije kwa marehemu.

TP yangu ya kwanza nilipangiwa kufundisha Kiingereza kidato cha kwanza, sekondari moja ya kata wilayani Ruangwa. Nilifika na begi, godoro na kamusi, nikiwa nimejiandaa kweli kweli. Mbinu yangu ilikuwa ile ile niliyofundishwa nayo mimi: kila siku maneno 10 ubaoni, mbele ya kila neno maana yake kwa Kiswahili, wanafunzi wanakopi, kesho yake jaribio. Siku moja nikaandika neno bear, mbele yake nikaweka dubu. Wiki iliyofuata tukakutana na neno lile lile kitabuni, kwenye sentensi iliyozungumzia mti kuzaa matunda. Nikamwinua binti mmoja wa dawati la nyuma atafsiri. Akajitahidi na kile nilichompa: akasema mti ni dubu wa matunda. Darasa likaangua kicheko, na mimi mwalimu nikacheka nao. Yule binti hakunyoosha mkono tena mpaka naondoka.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtoto wa Ruangwa hajawahi kuona dubu. Lakini mkorosho anaujua kuliko mimi, maana ameanza kuokota korosho kabla hajaanza shule. Nilimpa mnyama asiyemjua nikamnyima mti aliokulia chini yake, halafu nikamcheka. Na huyu ni mtoto aliyesoma miaka 7 ya msingi kwa Kiswahili, kisha ghafla Fizikia, Historia, Jiografia, zote zikamgeukia kwa Kiingereza. Akinyamaza kwenye kipindi cha Kiingereza, amenyamaza kwenye vyote.

Niliporudi chuo nikawa nashinda maktaba natafuta namna watu wanavyojifunza maneno ya lugha ngeni. Humo ndimo nilimokutana na maisha ya Edward Steere. Wengi tunamjua kwa kanisa la Mkunazini, Unguja, basi. Kumbe mtu huyu aliwahi kukaa pale alipokaa yule binti, tena bila kamusi ya kumsaidia.

Steere alizaliwa London mwezi Mei 1828. Alisoma sheria chuo kikuu na mwaka 1850 akapata udaktari wa sheria. Piga hesabu: alikuwa na miaka 22 hivi, umri wangu mimi ninapoandika haya, nikiwa bado nahangaika na bumu na hofu ya kusapu. Angeweza kubaki mahakamani akatajirika. Badala yake akaingia upadri, na akaishia kuwa kasisi wa kijiji kidogo kiitwacho Little Steeping, huko Lincolnshire.

Wakati huo David Livingstone alikuwa ameshawahutubia wasomi wa Cambridge mwaka 1857 kuhusu Afrika na biashara ya watumwa. Kutokana na mwito ule, watu wa vyuo vikuu vya Oxford, Cambridge, Durham na Dublin wakaunda misheni yao, ile inayojulikana kwa kifupi kama UMCA. Safari yao ya kwanza, kwenye bonde la mto Shire, iliwaendea vibaya. Homa iliwaua, na askofu wao Mackenzie akafariki mwanzoni mwa 1862. Aliyechaguliwa kushika nafasi yake, William Tozer, alikuwa rafiki wa Steere. Steere akakubali kumsindikiza. Walijaribu kukaa huko huko Zambezi na Shire, ikashindikana, na Agosti 1864 wakahamia Zanzibar.

Hapo ndipo maisha ya Steere yananihusu mimi na wewe. Daktari wa sheria, mwenye miaka 36, anashuka bandarini na hawezi kununua hata ndizi kwa lugha ya watu wa pale. Vitabu vya kumsaidia vilikuwa haba sana. Ludwig Krapf alikuwa ameshachapisha sarufi fupi ya Kiswahili huko Ujerumani mwaka 1850, lakini kamusi yake kubwa ilikuja kutoka 1882, mwaka ule ule Steere alipokufa. Kwa hiyo ilibidi maneno ayatafute kwa watu wenyewe.

Walimu wake walikuwa nani? Sultani Majid aliwapa wamisheni wavulana 5 waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, baadaye akapewa daraja la ushemasi. Wavulana wale walikuja kusomeshwa na Steere, lakini ukitazama vizuri darasa lilikuwa la pande mbili, maana yeye naye alikuwa anasikiliza wanasemaje. Aliongeza na watu wa mjini Unguja, waungwana waliokisema Kiswahili kwa ufasaha, akawaomba wamsimulie hadithi, zikaandikwa jinsi zilivyosimuliwa.

Hilo la hadithi ndilo lililonigusa. Steere hakuishia kuuliza hiki mnakiitaje na kile mnakiitaje. Alitaka kuliona neno likiwa kazini. Mwaka 1870 akachapisha London kitabu cha ngano za Kiswahili: kuna ile ya Sultan Darai na paa aliyemtajirisha maskini asiye na shukrani, kuna Sultan Majnun, kuna punda wa dobi. Ukurasa mmoja ni Kiswahili, wa pili unaoutazama ni Kiingereza. Msomaji akikwama kwenye neno hakimbilii orodha. Anavuka macho upande wa pili, anaiona sentensi nzima inasema nini, halafu anarudi na maana.

Mwaka huo huo ikatoka kazi yake nyingine, kitabu cha mwongozo wa Kiswahili chenye sarufi na orodha ndefu za maneno. Humo neno la Kiingereza lenye kazi nyingi halipewi jibu moja tu. Linagawanywa kulingana na kinachotendwa. Sisi wenyewe tunajua kwa nini: chungu tunakivunja, kamba tunaikata, nguo tunaichana, ilhali Mwingereza anaweza kutumia kitenzi kimoja kwa chungu na kwa kamba. Ukimpa mwanafunzi neno moja kwa neno moja umemtegea mtego, na mimi nilikuwa nimeutega ubaoni kila asubuhi, mara 10. Mwaka 1878 Steere akaongeza kitabu cha mazoezi ya Kiswahili, ili mgeni asikariri maneno tu, ayatumie.

Hakuishia kwenye Kiswahili. Mwaka 1867 alikuwa ameshachapisha maneno ya Kisambaa, 1871 akatoa ya Kiyao, 1876 ya Kimakonde. Usishangae Kiyao kupatikana Unguja. Wayao na watu wengi wa kusini walikuwa pale kwa sababu waliletwa pale kwa nguvu. Tukizisoma orodha zile leo tukumbuke kwamba baadhi ya midomo iliyotoa maneno yale ilikuwa imevushwa bahari bila ridhaa yake.

Steere alirudi kwao 1868, na 1872 akaja tena Zanzibar. Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba na soko la watumwa likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale Mkunazini palipokuwa soko. Mwaka 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya 1879. Mitambo ya kuchapa vitabu nayo aliijua vizuri, na vijana wa misheni walifundishwa kazi hiyo, kiasi kwamba vitabu vingine vilichapwa hapo hapo Unguja.

Sasa tuje kusini kwetu. Mwaka 1875 Steere alipita Lindi akatembea kwa miguu hadi Mwembe, kwa chifu Mataka wa Wayao. Mwaka uliofuata akapita Lindi tena, safari hii na kundi la watu waliokombolewa utumwani, waliotaka kurudi bara walikotoka. Walikusudia kufika mbali zaidi, lakini walipofika Masasi wakapapenda wakakaa, na kijiji kikaanza hapo mwishoni mwa 1876. Masasi imepakana na Nachingwea, nilikopangiwa TP yangu ya pili. Nikiwa kwenye basi, vumbi limenijaa nywele, nilikuwa nawafikiria watu wale wakitembea kutoka pwani, wamebeba watoto, na pamoja nao mtu mzima ambaye miaka 12 nyuma hakuwa na neno hata moja la lugha waliyozungumza naye njiani.

Steere alifariki Zanzibar tarehe 27 Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lile. Septemba hiyo hiyo Masasi ilivamiwa na Wangoni waliojulikana kama Magwangwara, watu wakauawa, wengine wakatekwa. Waliokuwa wamekombolewa mara moja wakajikuta utumwani tena. Maisha ya mtu huyu hayaishii kwenye furaha, na sitaki kuyapamba.

Najua kuna wenzangu watasema: huyu si alikuwa mmisionari, alijifunza lugha yetu ili atubadilishe? Ndiyo, hakuja kwa ajili ya isimu. Alikuja na dini yake na hakuficha. Tena jina kwenye jalada ni lake, wakati wasimulizi na wavulana waliompa maneno hawajulikani kama yeye. Hoja hiyo naikubali kabisa. Lakini ndiyo maana nasema tukichukue kilicho chetu. Njia aliyoitumia kupata maneno ilitoka kwa bibi na babu wanaosimulia hadithi jioni. Mtoto wa Kiswahili hajifunzi neno paa kwa kupewa fasili. Analisikia ndani ya ngano, paa anakimbia, paa anasema, paa anakufa kwa huzuni, na neno halimtoki tena.

Na wataalamu wa Kiingereza wenyewe walifika huko huko. A. S. Hornby, mwalimu wa Kiingereza huko Japani, alitengeneza na wenzake kamusi kwa ajili ya wanafunzi wageni, ikachapwa Tokyo mwaka 1942. Ndiyo iliyokuja kuwa ile ya Oxford tunayoazimana hosteli. Ifungue uone: maana kwa maneno mepesi, halafu sentensi za mfano. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunasoma maana, sentensi tunairuka.

Kule Nachingwea nilipunguza maneno kutoka 10 hadi 4 kwa siku. Kwa kila neno wanafunzi waliandika mambo matatu: maana kwa Kiingereza chepesi, sentensi ya kitabu, na sentensi yao wenyewe yenye kitu kutoka nyumbani kwao. Basi madaftari yakajaa ufuta, mizani ya chama cha msingi, korosho, mechi za Namungo, na mbuzi wa jirani. Na kabla ya kuwapa neno la Kiingereza, mara nyingine niliwauliza wao neno la Kimwera, nikalitamka vibaya, wakanicheka. Niliacha wanicheke. Baada ya wiki mbili hata wale wa nyuma wakaanza kuthubutu. Sisemi wote walifaulu. Wapo walioshindwa majaribio hadi mwisho. Lakini walishindwa wakiwa wanasema.

Siku ya kurudi nilishuka Ruangwa. Nilienda hadi ile shule, nikaomba kumwona yule binti, sasa yuko kidato cha pili. Nilimwamkia kwa jina, akaniamkia, nikamwambia mbele ya mwalimu wake wa darasa kwamba siku ile mwenye kosa nilikuwa mimi. Aliinama, akasema yamepita, akaomba ruhusa arudi darasani. Njiani kuelekea stendi mikorosho ilikuwa imetoa maua.

Wenzangu mnaokwenda TP mwaka huu, bebeni kamusi, ni muhimu. Lakini kabla hamjaandika neno la kwanza ubaoni, ulizeni watoto wa pale wanalima nini, wanauza nini na wanasimulia nini. Sentensi za mfano zitaanzia hapo.